Sentahafu wa Nachenga

Custodio Nankondo alipoingia Chuo cha Ualimu Nachenga, nje kidogo ya mji wa Mtwara, mwanzoni mwa mwaka 1971, alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, ana mke na watoto wawili. Wengi wa wanachuo wenzake ndiyo kwanza walikuwa wanaota ndevu. Siku ya pili tu walikwisha kumbandika jina la Babu, naye hakulikataa. Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, mpole wa maneno. Kwa miaka saba alikuwa kuli pale bandarini, akibeba magunia ya korosho kutoka ghalani hadi gatini, na huko alikuwa ameitwa majina mabaya kuliko hilo.

Wazazi wake walivuka mto Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji yeye angali anabebwa mgongoni, wakafungua shamba Kitaya. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane. Baba yake alipofariki akashuka mjini kutafuta kazi, akapata ya ukuli, akaoa, akaendelea nayo. Lakini hamu ya kusimama mbele ya darasa haikumtoka. Aliomba nafasi chuoni mara tatu. Mara mbili hakujibiwa. Barua ya tatu ilipojibiwa, mkewe Rosalina aliisikiliza ikisomwa mpaka mwisho, akasema atarudi Kitaya na watoto kulima kwa miaka hiyo miwili, ila kwa sharti kwamba Custodio asirudi na jambo jingine lolote isipokuwa cheti.

Kwa ajili ya sharti hilo, kulikuwa na habari moja ambayo Custodio hakumwambia mtu pale chuoni. Kwa misimu sita alikuwa sentahafu, yaani beki wa kati, wa Nanga, timu ya makuli wa bandari, na hakukuwa na senta-fowadi mkoa mzima aliyependa kukutana naye.

Kulikuwa na sababu ya pili pia, nayo iliitwa Thabiti. Thabiti alikuwa mtu wa Mikindani, mnyapara wa genge lao na kepteni wa Nanga. Custodio alipofika bandarini na shati moja, ni Thabiti aliyempa pa kulala, aliyemwonyesha namna ya kuweka gunia begani bila kuvunjika kiuno, na aliyemwingiza kwenye timu. Siku Custodio alipomwambia kwamba anaondoka kwenda kusomea ualimu, Thabiti hakugombana naye. Aligeuka akarudi kwenye magunia yake. Na siku ya mwisho, wakati Custodio anawaaga wenzake mmoja mmoja langoni, Thabiti alimpita kama mtu apitavyo nguzo ya simu.

Basi akakaa chuoni akisoma. Hesabu zilimsumbua, hasa mbele ya Mwalimu Magreth, mkufunzi mwembamba mwenye miwani ambaye hakuwahi kuinua sauti na wala hakuwahi kumsamehe mtu kosa. Jioni, wenzake walipokwenda uwanjani, yeye alibaki kwenye kizingiti cha bweni na daftari mapajani.

Mwezi wa sita, mvua zilipokwisha kabisa, ligi ya mkoa ilianza. Timu zilikuwa sita: Nanga, Mikindani, Nanyamba, Newala, maseremala wa mjini, na kwa mara ya kwanza, Nachenga. Kila timu ilikutana na nyingine mara mbili. Aliyeiombea Nachenga nafasi katika ligi alikuwa Mwalimu Stefano, mkufunzi wa jiografia, kijana mchangamfu aliyejua mpira kwa kuusikiliza redioni kuliko kwa kuucheza. Jozi za viatu zilikuwa sita kwa timu nzima. Waliobaki walicheza pekupeku.

Mchezo wa kwanza walifungwa na Mikindani mabao matatu kwa moja. Wa pili Newala wakawapiga manne kwa bila. Wa tatu walikutana na Nanga kwenye uwanja wa mjini, na chuo kizima kiliamriwa kwenda kushangilia, Custodio akiwemo.

Alisimama nyuma ya watu, karibu na uzio, akitamani asionekane. Aliona kila kosa kabla halijatendeka. Vijana walikuwa na mbio na pumzi, lakini kila mmoja alicheza peke yake, kimya kimya, kama watu kumi na mmoja waliokutana njiani. Kipa wao Alawi, kijana mfupi wa Mikindani, alijirusha mpaka magoti yakachubuka, na bado mpira ukampita mara saba. Mwisho wa mchezo Josephu, winga wao mwenye kasi kutoka Newala, alikaa chini katikati ya uwanja akagoma kuinuka.

Wachezaji wa Nanga walitoka wakipita karibu na uzio. Thabiti alimwona Custodio, akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu mwaka uliopita.

"Hawa ndio ulioenda kukaa nao," alisema, bila dhihaka wala ukali. Kisha akaongeza, "Watoto wanaumia, na wewe umesimama nje."

Akaenda zake. Custodio alirudi chuoni kwa miguu nyuma ya kundi, na njia nzima alitafuta jibu la kumpa mtu ambaye hayupo. Usiku ule aliandika barua Kitaya. Hakumwomba Rosalina ruhusa. Alimweleza tu alichokiona na alichotaka kufanya, akaongeza kwamba cheti hakitapotea. Asubuhi alimfuata Mwalimu Stefano ofisini, akamwambia kwamba aliwahi kucheza mpira kidogo.

Mwalimu Stefano alimuuliza alicheza wapi. Alipojibiwa, aliweka kalamu mezani taratibu, akainuka, akaenda kufunga mlango kana kwamba kuna mtu angeweza kuingia kumwiba mtu huyu.

Jioni ile wanachuo walicheka kumwona Babu katika kaptula. Hawakucheka muda mrefu. Josephu alimjia na mpira mara tatu kwa kasi zake zote, na mara zote tatu Custodio alimpokonya kwa utulivu, akampigia tena, akamwambia aje tena. Mara ya nne Josephu alipita. Custodio alitikisa kichwa kuonyesha kwamba hivyo ndivyo.

Lakini hakuanza kuwafundisha chenga wala mashuti. Aliomba magunia sita yaliyojazwa mchanga. Aliwapanga safu kwenye ghala la chuo, akawaambia wayapitishe kutoka mlangoni mpaka ukutani na kurudi, mbiombio, bila kugongana. Waligongana. Wawili walianguka. Ndipo akawaeleza jinsi genge linavyofanya kazi gatini, winchi ikishusha mizigo, malori yakirudi nyuma kwa kelele, watu thelathini wakipishana kwenye nafasi finyu: hakuna anayeweza kutazama kila upande, kwa hiyo kila mtu ni macho ya mwenzake. Na maneno ni matatu tu. *Mgongo*, yaani kuna mtu nyuma yako. *Bega*, yaani niko ubavuni, nipe mimi. *Achia*, yaani usiguse, mwenye nao yuko tayari.

"Mtu akinyamaza gatini, mwenzake anavunjika mguu," aliwaambia. "Na nyinyi mnacheza kimya. Ndiyo maana mnavunjika."

Chuoni pale kulikuwa na Wamakonde, Wamakua, Wayao na watu wa pwani, na vijana walizoea kila kundi kunong'ona kwa lugha yake. Sasa wakawa na maneno matatu ya wote. Kwa wiki mbili hawakugusa mpira mpaka wawe wamepitisha magunia nusu saa nzima wakipiga kelele. Mkuu wa chuo, Bwana Yohana, mtu wa makamo aliyeheshimu ukimya kuliko kitu chochote, alikuja kuuliza ghalani kuna nini. Mwalimu Stefano alimweleza kwamba ni somo la lugha.

Mchezo wa nne walikuwa nyumbani na Nanyamba. Watu wachache walijitokeza, wengi wao kwa huruma. Nachenga walishinda bao moja kwa bila, bao la kona iliyowababatiza watu watatu kabla ya kuvuka mstari, na walishangilia kama waliochukua kombe. Wiki iliyofuata waliwafunga maseremala mawili kwa moja. Duru ya pili ilipoanza, wakalipiza Mikindani, mbele ya ndugu zake Alawi mwenyewe, mabao mawili kwa bila. Wakapanda Newala, kwenye baridi na upepo wa juu kule, wakashinda tatu kwa mbili baada ya kutangulia kufungwa mawili. Josephu alifunga yote matatu mbele ya watu wa kwao, na mama yake akaingia uwanjani kumfunga kanga kiunoni kabla refa hajamaliza. Wakawarudia maseremala, wakawafunga tena.

Mjini watu walianza kuulizana habari zao. Pale sokoni walimwita Custodio kwa jina lake kamili. Chuoni jina la Babu lilibaki, ila sasa lilitamkwa kwa namna nyingine, na wale wadogo walianza kumpelekea pia shida ambazo hazikuwa za mpira: mmoja ana barua kutoka nyumbani asiyoielewa, mwingine anataka kuacha chuo. Jibu la Rosalina nalo lilifika, limeandikwa kwa mkono wa mwalimu wa Kitaya. Lilikuwa na sentensi mbili. Watoto ni wazima. Hesabu zinaendeleaje?

Hesabu zilikuwa zinaendelea vibaya. Na mwezi wa tisa ukaleta mazoezi ya kufundisha.

Kila mwaka wanachuo walitawanywa katika shule za vijijini kwa wiki tatu, wakafundishe huku wakikaguliwa. Mchezo wa marudiano na Nanyamba, ugenini, uliangukia Jumamosi ya wiki ya mwisho. Mwalimu Stefano alikwenda kwa mkuu kuomba timu ibaki pamoja. Bwana Yohana alimsikiliza kwa adabu, akasema kwamba chuo kile kilijengwa kutoa walimu. Aliyekwisha kukaguliwa anaweza kwenda Nanyamba Jumamosi kwa njia atakayoijua mwenyewe. Asiyekaguliwa asithubutu.

Custodio alipangiwa Kitaya, nyumbani kwake, na Josephu kijiji cha jirani. Kwa wiki tatu alilala chini ya paa lake mwenyewe na kufundisha shule iliyo hatua chache kutoka mtoni. Ng'ambo kulikuwa na vita. Siku nyingine mizinga ilisikika, na watoto walikuwa na handaki nyuma ya darasa walilolichimba wenyewe. Walijua kuingia humo upesi, bila kusukumana, kisha kutoka na kuendelea na kusoma pale walipoachia. Custodio aliwatazama, na hofu aliyokuwa nayo juu ya hesabu ikaanza kumtia haya.

Mwalimu Magreth alitakiwa kuja kumkagua Ijumaa asubuhi. Ijumaa ilipita. Landrova ilikuwa imenasa kwenye mchanga huko njiani, na mkaguzi alifika saa kumi na moja jioni, amejaa vumbi, watoto wamekwisha kwenda makwao. Alisema atalala kwa mwalimu mkuu na kumwona Custodio akifundisha kesho yake saa mbili, kama watoto wataweza kuitwa.

Mchezo ulikuwa kesho yake saa kumi. Josephu alikuwa amekwisha kukaguliwa na alikuja jioni ile kumchukua waondoke wote alfajiri. Aliposikia habari alimshauri Custodio aseme mtoto wake anaumwa.

"Mimi nilikuja kusomea kazi hii," Custodio alimjibu. "Mpira ulinikuta njiani."

Rosalina alikuwa akipakua ugali, akisikia yote. Ndiye aliyetoka jioni ile nyumba kwa nyumba kuwaambia akina mama walete watoto asubuhi, na saa mbili kasorobo darasa la tatu lilikuwa limejaa, wote wameoga.

Somo lilikuwa kugawanya kwenye baki. Custodio aliandika hesabu ya kwanza ubaoni, akaona macho ya watoto yakizimika. Akaifuta. Aliwatoa wote nje, watoto thelathini na wanane, akawaambia wao ni abiria wanaotaka kuvuka mto na mtumbwi unabeba watu watano. Wajigawe. Kelele zikaanza, wakasukumana, wakahesabiana vichwa, mitumbwi saba ikajaa na watoto watatu wakabaki ukingoni wakilalamika. Akauliza tufanye nini na hawa watatu. Kitoto kimoja cha kike kikasema hatuwezi kuwakata, kwa hiyo tuwaandike. Wakarudi ndani wakawaandika. Kisha wakafanya hesabu sita za ubaoni, na mikono ikainuka mpaka ya wale wa nyuma.

Mwalimu Magreth aliandika kwa muda mrefu kwenye daftari lake. Halafu alivua miwani, jambo ambalo Custodio hakuwahi kuliona.

"Ndugu Nankondo," alisema, "nimekagua walimu kwa miaka tisa. Hili nitakwenda kuwafundisha wenzako." Akatazama saa yake. "Nasikia una mahali pa kwenda. Gari langu linaelekea Mahurunga, kuna wawili wananisubiri huko, siwezi kukusaidia. Nenda."

Mwalimu mkuu aliwaazima baiskeli yake. Walibadilishana, mmoja akiendesha na mwingine juu ya keria, na penye mchanga mwingi, napo palikuwa pengi, waliishuka na kuikokota. Jua lilipanda. Tairi la nyuma lilipasuka kabla ya kufika nusu ya njia, wakalijaza majani wakaendelea. Katika mashamba ya mikorosho watu waliacha kuokota wakawatazama watu wawili wazima wakikimbia na baiskeli kilema katikati yao.

Walifika Nanyamba mchezo umeanza. Nachenga walikuwa uwanjani watu saba tu, Mwalimu Stefano akiwa mmojawao, amevaa suruali iliyokunjwa na miwani imefungwa kwa kamba. Walikuwa wamefungwa bao moja, na Alawi alikuwa anadaka kila kitu kilichomjia, kwa mikono, kwa kifua, mara moja kwa uso. Custodio aliingia bila hata kunywa maji. Sauti yake ilisikika uwanja mzima: mgongo, bega, achia, na wale saba wakafufuka. Kabla ya mapumziko wengine wawili walishuka kwenye lori la mihogo, wakiwa bado na chaki mikononi. Walicheza watu kumi, pungufu kwa mmoja, mpaka mwisho, maana Mwalimu Stefano alikaukiwa pumzi ikabidi atolewe. Zikiwa zimebaki dakika chache, Josephu, miguu imevimba kwa safari, alichukua mpira kwenye mstari wa katikati akakimbia nao mpaka ndani ya goli. Sare, moja kwa moja. Watu wa Nanyamba wenyewe waliwaletea madafu.

Hivyo mchezo wa mwisho ukawa wa kombe. Nanga walikuwa na pointi kumi na mbili, Nachenga kumi na moja. Sare iliwatosha makuli. Wanachuo ilibidi washinde.

Jumapili ya wiki iliyofuata mji ulihamia uwanjani. Bandarini kulikuwa hakuna meli, na genge baada ya genge lilikuja na ngoma. Upande wa pili walikaa wanachuo, na miongoni mwao, mbele kabisa, Bwana Yohana ndani ya koti lake, na Mwalimu Magreth na mwavuli. Rosalina alikuwa ameletwa na lori la korosho pamoja na watoto. Alikaa kwenye majani na kusema wazi kwamba haelewi mchezo huu na hana nia ya kuuelewa.

Thabiti na Custodio walipeana mikono katikati kama makepteni. Mikono yote miwili ilikuwa na sugu zilezile.

Nanga walianza kwa nguvu. Dakika ya kumi na tano Thabiti aliruka kwenye kona juu ya kila mtu, juu ya Custodio mwenyewe, akapiga kichwa wavu ukatikisika. Upande wa ngoma uliwaka. Custodio aliwakusanya wenzake wakati mpira unarudishwa katikati, akawaambia hakuna lililobadilika, walihitaji mabao mawili sasa badala ya moja, na muda upo. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Wakarudi kwenye maneno yao. Kidogo kidogo mpira ukaanza kutembea, mguu hadi mguu, na makuli, waliozoea kuwatisha watu kwa mabavu, wakajikuta wanakimbiza kitu ambacho tayari kimeondoka. Baada ya mapumziko, bega likaitwa mara tatu mfululizo upande wa kulia, na Josephu akajikuta peke yake na kipa. Hakukosa.

Zilipobaki dakika kumi, Thabiti aliingia ndani ya kumi na nane. Custodio alimwendea, mpira ukadunda vibaya kwenye kituta cha mchanga, ukamgonga mkononi. Refa akapiga filimbi. Penalti.

Alawi alimtazama Custodio. Alichokuwa anauliza kilikuwa wazi: miaka sita umecheza na mtu huyu, anapiga upande gani? Custodio alijua. Thabiti hupiga kulia kwa kipa, chini, siku zote. Lakini Thabiti naye alijua kwamba Custodio anajua, na alikuwa amesimama pale akiwatazama wote wawili. Custodio alimsogelea kipa wake, akamwekea mkono begani.

"Usibahatishe," alimwambia. "Simama mpaka mguu wake uguse mpira. Ndipo uende."

Uwanja ulinyamaza, hata ngoma. Thabiti alikimbia, akasita kidogo akingoja kijana aanguke upande mmoja. Alawi hakuanguka. Akasita tena, na wakati ule ule mguu ulikuwa umekwisha kwenda; akapiga kushoto, si kwa nguvu zake zote, na Alawi akaruka akaupiga ngumi mpira ukatoka nje ya boksi.

Ukamwangukia Custodio. Kwa msimu mzima alikuwa hajavuka mstari wa katikati. Kazi yake ilikuwa nyuma. Lakini mbele yake palikuwa peupe, makuli wote walikuwa wamepanda kuja kuangalia penalti, akaanza kukimbia. Alikimbia kama mtu mzito akimbiavyo, kwa hatua ndefu, na sauti zikamfuata kutoka nyuma. Mgongo, Alawi alipiga kelele kutoka golini kwake, na Custodio akauficha mpira bila kugeuka, na aliyekuja kuupokonya akapita hewani. Bega, alisikia kushoto. Akautoa bila kutazama. Josephu akauchukua, akamvuta kipa, na angeweza kupiga mwenyewe, bao la pili la siku, la kombe, mbele ya mji mzima. Badala yake akaurudisha katikati, na Custodio aliyekuwa bado anakuja akauona unamjia taratibu, mviringo, mkubwa kama mwezi.

Kutoka nyuma sauti zote kumi zilisema neno moja, nalo lilikuwa achia: safari hii kila mmoja alimwambia mwenzake auache mpira, mwenye nao ni Custodio. Alipiga kwa kifundo au kwa kidole, hakukumbuka baadaye kwa kipi. Wavu ulijaa.

Refa alipomaliza mchezo, Custodio alikuwa amepiga magoti, hana pumzi. Aliona miguu mikubwa mbele yake, akainua macho. Thabiti alimnyooshea mkono akamvuta juu, na hakuuachia.

"Nilidhani umetukimbia," Thabiti alisema. "Mwaka mzima nilidhani hivyo. Nimekusikia leo unaita maneno ya gatini, nikajua hukutukimbia. Umetupeleka shule."

Custodio akamkumbatia, jasho kwa jasho, na ngoma za makuli, ambazo hazikuwa zimekuja kwa ajili yake, zikaanza kupigwa.

Bwana Yohana alipokea kombe kwa niaba ya chuo, akaanza hotuba kuhusu nidhamu, na hakuna aliyeisikia. Thabiti aliita lori la genge lake, akawapakia washindi na washindwa pamoja, wakazunguka mji: wakapita sokoni, wakapita mbele ya bandari ambako walinzi walipiga saluti, wakashuka hadi Shangani na kurudi. Alawi alikaa juu ya paa la kichwa cha lori na kombe mapajani. Mwalimu Stefano alikuwa analia wazi, bila aibu, akieleza kwa kila aliyetaka kusikia jinsi alivyocheza kule Nanyamba. Rosalina alikuwa nyuma kati ya watoto wake wawili, na kila lori liliporuka kwenye shimo alimshika Custodio mkono.

"Baba Amelia," alimwambia walipokaribia chuo, "ule mpira wa mwisho, ungekosa, ningekuambia ukweli wangu juu ya mchezo huu. Sasa itabidi nianze kuuelewa."

Matokeo ya mazoezi ya kufundisha yalibandikwa Jumatatu asubuhi. Custodio alikuwa wa pili katika chuo kizima, na kwenye safu ya hesabu palikuwa na alama iliyozungushiwa duara jekundu kwa mkono wa Mwalimu Magreth, na pembeni neno moja, *safi*. Alilitazama kwa muda. Kisha kengele ikalia, na kwa kuwa wiki ile ilikuwa zamu yake kuita majina ya wanachuo kwenye gwaride la asubuhi, alikwenda mbele na daftari, akafungua mdomo, akakuta hana sauti hata chembe. Yote ilikuwa imebaki uwanjani. Alijaribu tena. Wanachuo wakaanza kucheka, na Bwana Yohana akajikohoza kutaka ukimya. Ndipo Josephu, kutoka mstari wa nyuma, alipoanza kuita jina lake mwenyewe na kujiitikia, na aliye pembeni yake akaita lake, na mwingine lake, hadi majina mia na kumi na tisa yakaisha yote, na Custodio alichofanya ni kusimama pale na kalamu, akiwawekea alama ya kuwapo.